Nilituma elfu nane ili faili iamke, sasa wanataka arobaini

Mama, shikamoo.

Mimi ni fundi wa kushona hapa Nakuru, upande wa Free Area. Tuko wanawake watatu. Tulianza na cherehani mbili za miguu, leo tuna tano. Tulisajili kampuni, tukapata cheti cha AGPO, kile cha kuwapa akina mama, vijana na watu wenye ulemavu nafasi katika zabuni za serikali, na mwaka jana taasisi moja ya umma ikatupa LPO yetu ya kwanza, yaani oda rasmi ya kununua: mashuka 300 ya wadi, kila moja shilingi 1,450. Jumla ni 435,000. Siku hiyo tulipiga vigelegele hadi majirani wakaja kuuliza nani anaolewa.

Tulikopa 150,000 kwenye chama, na kitambaa kilichobaki tukakichukua kwa mkopo. Tulishona wiki tano. Septemba tukapeleka mzigo. Kamati yao ya ukaguzi ilichomoa shuka tatu kutoka katikati ya robota, wakazipima kwa futi, wakavuta mishono kwa vidole kuona kama itaachia. Haikuachia. Wakatia sahihi na muhuri, nami nikaacha ankara siku hiyo hiyo. Sasa ni Juni, miezi tisa, na sijaona hata senti.

Nikienda kuuliza naambiwa njoo Ijumaa. Ijumaa naambiwa mtandao uko chini. Mwezi wa tatu, mdogo wa mume wangu, ambaye anajuana na watu wengi kwenye ofisi hizo, aliniambia faili yangu imelala na inataka kuamshwa. Akasema nitume 8,000 kwa simu yake, yeye atamfikishia afisa wa malipo. Nilituma. Nilizitoa kwenye karo ya kitindamimba wangu, na hadi leo mume wangu hajui, wala wenzangu wawili wa karakana.

Wiki mbili baadaye nilikutana na afisa mwenyewe kwenye ngazi. Nikamsalimu na kumtajia kampuni yetu. Akatabasamu, akasema, "Ongea na shemeji yako, yeye anajua vile mambo huenda." Akapanda zake.

Sasa shemeji amerudi. Wanataka asilimia kumi. Ni 43,500, lakini anasema amenipigania hadi zikawa 40,000. Alinitumia ujumbe, bado ninao: "Mkono mtupu haulambwi shem. Mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30, faili ikivuka hapo usinilaumu."

Mwenzangu mmoja anasema tulipe tusonge mbele, kila mtu hufanya hivyo. Mwingine ameokoka, anasema heri tuuze cherehani. Mimi nilisikia redioni kwamba hata anayetoa hongo hufungwa, na tangu siku hiyo nikisikia gari limesimama nje moyo unaruka. Mama, nawezaje kuwa mhalifu ilhali nafuata pesa yangu mwenyewe? Na nikiripoti, namba iliyopokea ni ya shemeji. Huyu ndiye aliyetulipia bili ya hospitali mtoto wangu alipolazwa na nimonia. Mama mkwe akisikia nimemfungisha mwanawe, kwao Molo sitakanyaga tena.

Nifanye nini?

Fundi Asiyelala, Nakuru

*

Marahaba, binti yangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimekwama kwenye vile vidole vya kamati vikivuta mshono wako. Kazi yako ilijaribiwa ikashinda. Tafadhali usilisahau hilo, maana miezi tisa ya "njoo Ijumaa" humfanya mtu aanze kujiona kama anayeomba msaada. Wewe ni mdai. Una LPO, una sahihi za waliopokea, una ankara.

Kabla ya kuanza kujibu barua hizi nilikuwa karani wa mahakama kwa miaka mingi, na kesi za hongo nilizisikia nyingi. Nitakwambia ninavyoelewa, kisha wewe utapima, kwa sababu mimi sitalala katika nyumba yako wala sitaenda Molo Krismasi.

Nianze na swali lako: utakuwaje mhalifu ukifuata cha kwako? Linauma, na ninaona haki iliyo ndani yake. Lakini Sheria ya Hongo ya 2016 haiulizi pesa mwishowe ni ya nani. Inaangalia kama mtu ametoa, ameahidi au amejitolea kutoa manufaa ili mwenye wadhifa atekeleze kazi yake isivyopasa. Kulipa deni la umma kwa sababu umepewa kitu, au kulikalia hadi upewe kitu, ni kazi iliyotekelezwa isivyopasa. Sheria hiyo haina mlango wa pembeni wa kusema "nilikuwa nasukuma tu kilicho changu". Na haingoji bahasha ibadilishe mikono: ahadi peke yake ni kosa, na kwa upande wa afisa, kuomba peke yake ni kosa hata asipopata kitu. Adhabu kwa mtu binafsi, awe aliyetoa au aliyepokea, hufika kifungo cha miaka 10 au faini ya shilingi milioni 5, au vyote viwili. Na kama kuna faida iliyopatikana au hasara iliyosababishwa, na inahesabika, mahakama huongeza faini nyingine ya mara tano yake.

Sikwambii haya ili moyo uzidi kuruka. Nakwambia kwa sababu mambo haya tumeyavisha maneno laini hadi hatuyaoni. Chai. Kitu kidogo. Kuamsha faili. Chai ni ile tunayompa mgeni na mfiwa, na inaniudhi kwa kweli kuona jina lake limechukuliwa kufunika jambo hili. Hata ile methali ya shemeji yako imepotoshwa. Anaitumia kukuambia kuwa haki yako ina bei.

Sasa nikuulize jambo ambalo barua yako imelipita haraka. Huyo afisa umemsikia kwa masikio yako akiomba pesa? Ulichokisikia kwenye ngazi ni sentensi moja. Inaweza kuwa ya mtu anayejua kila kitu na anajificha nyuma ya ndugu. Inaweza pia kuwa ya mtu aliyewahi kufuatwa na shemeji yako kuhusu malipo hayo, akadhani yeye ndiye mnayemtuma kufuatilia mambo ya kampuni, basi. Zile 8,000 ziliingia kwenye simu ya shemeji, na baada ya hapo huna hata alama moja ya kuonyesha zilikwenda wapi. Faili haikuamka. Kilichoamka ni bei. Nimeona mahakamani madalali waliouza majina ya maafisa wasiojua lolote, na nimeona pia maafisa ambao hawakugusa noti hata moja kwa mkono wao ilhali kila kitu kilikuwa chao. Siwezi kukuambia yako ni ipi. Ila kwa sasa unamwogopa mtu ambaye hujui amekuomba nini.

Na ujue kwamba kupitisha mkononi mwa mtu wa tatu hakusafishi kitu mbele ya sheria. Anayepitisha naye ana lake la kujibu.

Kuhusu kulipa. Mwenzenu anayesema tulipe tusonge si mtu mbaya, ana watoto na ana deni la chama. Lakini mkae mpige hesabu kwenye karatasi. Hukunieleza faida yenu, basi nikisie kwamba kwa kila shuka mngebaki na 300. Hiyo ni 90,000 kwa watu watatu, 30,000 kila mmoja. Ondoa 40,000 na zile 8,000, mnabaki na 42,000, yaani 14,000 kila mmoja, na bado hamjalipa riba ya miezi tisa. Mtakuwa mmeshona wiki tano ili kumlipa mtu aliyeketi. Na LPO ya pili ikija, hamtaulizwa kama mtatoa, maana mtakuwa mmeshajulikana. Inawezekana pia mkalipa na hela zisitoke. Hongo haina risiti, na hakuna pa kwenda kulalamika kwamba uliyemhonga hakufanya ulichomlipia.

Ile tarehe 30 Juni ina ukweli na ina vitisho. Ni kweli mwaka wa fedha hufungwa siku hiyo, na ni kweli malipo yasiyotoka kabla yake huingia kwenye malimbikizo na yanaweza kuchelewa zaidi. Lakini deni halifi. Deni la mkataba unaweza kulidai mahakamani kwa miaka 6, ila anayedaiwa akiwa Serikali yenyewe ni miaka 3. Mtu anayekuwekea saa mbele ya uso mara nyingi hataki upate muda wa kufikiri.

Ziko njia nyingine, na hakuna iliyo laini.

Ipo ya maandishi, ambayo naona hamjaigusa, maana safari zenu zote zimekuwa za mdomo. Barua moja kwa mkuu wa taasisi, yaani afisa mwenye dhamana ya fedha zake, ikitaja nambari ya LPO, tarehe ya kupokelewa mzigo na kiasi, na kuuliza malipo yamefikia hatua gani na yanazuiwa na nini. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu ombi la habari, na wakinyamaza unaweza kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita Ombudsman. Barua kama hiyo haimtuhumu mtu. Hatari yake ni kwamba huenda ikawakasirisha, na inaweza kukwambia kwamba faili haikulala kamwe, kwamba kinachokosekana ni hati fulani ambayo hakuna aliyekuomba. Jiandae kwa jibu hilo pia, kwa sababu litakurudisha kwa shemeji na zile 8,000.

Ipo Mahakama ya Madai Madogo, ambayo Nakuru pia iko. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, si lazima uwe na wakili, na sheria inataka kesi imalizike ndani ya siku 60. Dai lenu linaenea humo. Nisikufiche ugumu wake: kushinda ni jambo moja na kukamata ni jingine. Taasisi ya serikali haipelekewi dalali abebe viti kama anavyopelekewa mtu wa kawaida, na wapo walioshinda wakaendelea kungoja. Halafu utakuwa umemshtaki mteja ambaye mlitaka kuendelea kumshonea.

Na ipo ya kuripoti. Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC, ina ofisi hapa hapa mjini Nakuru na namba ya bure, 1551, na inapokea hata taarifa ya mtu asiyetaka jina lake lijulikane. Ombi la pesa likiwa bado liko hai, kama lako lilivyo, mara nyingi wachunguzi huthibitisha kwanza kwa kinasa sauti, kisha huandaa noti zilizotiwa dawa inayobaki vidoleni mwa anayezishika. Wakimaliza, faili huenda kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, naye ndiye huamua nani ashtakiwe. Kifungu cha 21 cha Sheria ya Hongo kinafanya kumnyanyasa au kumtisha mtoa taarifa kuwa kosa, la faini ya hadi milioni 1 au mwaka mmoja ndani. Lakini karatasi haikai mlangoni usiku. Utaitwa mahakamani, utasimama kizimbani cha mashahidi, na wakili wa upande wa pili atakuuliza swali ambalo nimelisikia mara nyingi: "Na zile za kwanza, mama, kwa nini ulitoa?" Nilimwona mwanamke mmoja akishika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili asipate la kusema. Hakuwa mwongo. Alikuwa hajawahi kujiuliza.

Ndiyo maana hizo 8,000 naziona nzito kuliko 40,000. Arobaini bado ziko mkononi mwako. Nane zimeshatoka, na kwa maneno ya sheria zinaweza kukugusa. Kabla hujaenda ofisi yoyote na habari hii, keti na wakili umweleze yote, pamoja na hilo. Gharama isikuzuie. Ipo Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, na Transparency International Kenya ina vituo vya kuwashauri bure watu waliokumbana na ufisadi. Muulize huyo mwanasheria jambo moja hasa: sheria inamtaka mwenye mamlaka katika taasisi, ya umma au ya kibinafsi, aripoti EACC ndani ya saa 24 akijua au kushuku hongo. Wewe ni mmoja wa wakuu wa kampuni. Ni heri usikie kutoka kwake hilo linakufunga kwa kiasi gani kuliko uendelee kusikiliza redio na kutetemeka. Na ule ujumbe, pamoja na ule wa M-Pesa, usivifute. Najua mkono unawasha. Kufuta hakuondoi kilichotokea, kunaondoa tu njia ya kueleza kilivyotokea.

Sasa shemeji. Hapa, binti yangu, sina ujanja wa kukupa. Alikulipia hospitali mtoto akiwa na nimonia, na jambo kama hilo mtu halisahau, wala hastahili kulisahau. Ila jiulize kama deni la hospitali ndilo linalokufunga mdomo. Wema wake wa siku ile ulikuwa wema. Huu wa sasa ni jambo lingine, na si lazima ulipe la kwanza kwa kunyamazia la pili. Inawezekana naye amenaswa, anaogopa kumrudia mtu aliyemwahidi. Inawezekana anakula peke yake. Ukimwambia tu, "Shemeji, sitatuma tena, nitaandika barua ofisini," utaona uso wake na utajua kitu. Kumbuka lakini kwamba ukimwambia kisha ukaamua kuripoti, watakuwa wameshaonywa, na huenda ushahidi wote ukayeyuka. Mpangilio wa hatua hizi una uzito, na hilo nalo ni la kumuuliza wakili kabla hujafungua mdomo.

Ukinyamaza tu, usilipe wala usiseme, pia umechagua. Chama kitaendelea kuhesabu, mwenye kitambaa naye.

Umenitajia watu wengi wanaokuamulia: mwenzako wa tulipe, mwenzako wa tuuze cherehani, shemeji, mama mkwe. Mume wako umemtaja kwa kumficha tu. Yule ni ndugu yake wa damu, na ni yeye atakayesimama katikati siku mambo yakifika Molo. Na wenzako wawili wanabishana juu ya hongo ya kwanza, bila kujua ishatolewa kwa jina la kampuni yao. Sikulaumu. Mtu akizama hashiki kamba akaangalia rangi yake. Lakini nadhani sehemu kubwa ya kutolala kwako iko hapo, kwa sababu hofu ya watu watatu umeibeba peke yako tangu mwezi wa tatu.

Ukipata jioni moja tulivu, kabla ya tarehe 30 au baada yake, toa ile hati yenye muhuri wa kamati uiweke mezani, na simu kando yake, mwite mume wako. Ukiona umeshindwa pa kuanzia, anzia kwenye karo ya mtoto. Kisha niandikie unieleze alichosema.